Mume kufungwa sio talaka

Hapa Moshi watu wanaambiana eti mume akipelekwa gereza la Karanga miaka mingi ndoa imeshakufa, mke aolewe tu. Sio kweli jamani! Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema kifungo cha maisha au cha kuanzia miaka 5 kinaweza kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika, ila talaka anatoa hakimu na anaangalia pia kosa lenyewe. Wengine nao wanasema lazima umsubiri atoke, hapana, unafungua shauri hata mahakama ya mwanzo, na kwa kifungo kama hicho ile hati ya baraza la usuluhishi, inayoonyesha baraza limeshindwa kuwapatanisha, hudaiwi, kwahiyo dada usikubali kuzungushwa ukiambiwa mlete kwanza mumeo barazani. Kama kafungwa mwaka au miwili, hapo baraza unapitia kama kawaida.