Je, wajua kwa nini kwenye riwaya za mapenzi za vita barua lazima ichelewe?

Mdogo wangu ana ugonjwa wake mmoja, riwaya za mapenzi za enzi za vita, zile nene za kurasa mia tano zinazoanza na binti analia stesheni ya treni na kuishia na mjukuu wake anafungua sanduku la marehemu bibi. Juzi karibu saa sita usiku kanitumia voisi kafura kweli, "Dada hivi hawa waandishi wanatuonaje? Kaka wa watu kaandika yuko hai, barua inafika msichana keshaolewa. Kila kitabu hivohivo, si wabuni kitu kingine!"

Nikacheka, ila nikamwambia hapo mwandishi hajatia chumvi hata kidogo, pengine kapunguza.

Tuchukue Waingereza kwenye vita vya kwanza, 1914 hadi 1918, maana riwaya za aina hii zimejaa sana hapo. Cha kushangaza posta yao ilikuwa inakimbia. Pale Regent's Park, London, walijenga banda kubwa la mbao la kuchambulia barua za wanajeshi, wafanyakazi kama 2,500, wengi wao wanawake, na kuna vipindi zilipita barua milioni 12 kwa wiki moja. Askari aliye mstari wa mbele alikuwa anatuma barua bure bila stempu, na barua kati ya London na mahandaki ya Ufaransa ilikuwa inachukua kama siku mbili tu. Siku mbili! Mimi kuna kifurushi changu kimewahi kukaa wiki tatu mji huuhuu ninaoishi.

Sasa kama posta ilikuwa kasi hivo mbona barua inachelewa? Kwa sababu kwenye vita siku mbili ni nyingi mno. Kijana anaandika jioni "niko salama mpenzi", alfajiri wanapanda kutoka handakini, saa mbili asubuhi hayupo, na barua yake bado iko kwenye gunia inasafiri. Na taarifa ya kifo, ikija kwa telegramu, inaweza kuipita ile barua njiani. Ndo unakuta mama wa watu kashaambiwa mwanae kafa halafu siku mbili tatu mbele tarishi anagonga hodi na barua ya huyohuyo mwanae anaomba soksi na biskuti. Na zile alizokuwa anaandika mama zinarudi, bahasha haijafunguliwa, imeandikwa juu kwamba mpokeaji ameuawa vitani. Mwandishi wa riwaya akikuta kitu kama hicho aongeze nini tena?

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vingi vinalikosea, telegramu yenyewe. Kwenye riwaya kila mtu anapata telegramu, yule kijana wa posta na baiskeli anakata kona na mtaa mzima unashika roho. Kwa Waingereza wa vita vya kwanza telegramu ilikuwa ya familia za maafisa. Mke wa askari wa kawaida alikuwa analetewa fomu kwa posta, namba B.104-82, imeshapigwa chapa maneno ya pole, imeachwa nafasi tu za kujaza kwa mkono namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Yaani mume wako kawa nafasi ya kujaza kwenye fomu. Kulikuwa na nyingine ya "hajulikani alipo", na hiyo sasa ndo mgodi wa dhahabu wa waandishi, maana mke wa mtu asiyejulikana alipo si mjane wala si mke, anakaa miezi anasubiri, baadaye serikali inamhesabu mumewe kuwa amekufa, anaanza maisha upya, na mwandishi mwenye roho mbaya anajua kabisa ukurasa gani atamrudisha yule bwana.

Na barua iliyofika pia haikuwa ya wawili. Barua za askari zilikuwa zinasomwa na afisa wa kikosi chake mwenyewe, yule luteni anayempigia saluti kila asubuhi. Hebu fikiria unamwandikia mkeo mambo ya chumbani huku unajua bosi ataipitia kwanza! Ndo maana barua nyingi za kweli za wakati ule ni kavu, hali ya hewa, chakula, nisalimie mama. Ilikuwepo bahasha ya kijani ambayo haisomwi kikosini, unasaini kuapa kwamba ndani ni mambo ya familia tu, ila walikuwa wanagawiwa chache na makao ya nyuma wanaweza bado kuifungua. Na ilikuwepo kadi yenye sentensi zimeshachapwa, niko mzima, nimelazwa hospitali, nimepata barua yako, kazi yako kukata zisizokuhusu na kusaini. Ukiongeza neno, hata nakupenda, kadi inaharibiwa.

Vita vya pili teknolojia ikaingia na mapenzi yakazidi kubanwa. Wamarekani mwaka 1942 walianza mfumo wa V-Mail, barua inapigwa picha kwenye filamu ndogo, filamu inasafirishwa, ikifika inachapwa tena karatasi ndogo. Barua 150,000 zilizokuwa zinajaza magunia 37 zikaingia gunia moja. Sasa wanawake walikuwa wanabusu karatasi waache alama ya lipstiki, na ile lipstiki ikawa inachafua mashine! Na raia waliotenganishwa na mstari wa adui, mfano wa visiwa vya Jersey na Guernsey vilivyokuwa mikononi mwa Wajerumani, walitumia ujumbe wa Msalaba Mwekundu, maneno 25 tu, majibu nyuma ya karatasi hiyohiyo, na unasubiri miezi. Jaribu kumaliza ugomvi wa ndoa kwa maneno 25.

Mdogo wangu akauliza, na huku kwetu je? Huku kwetu ndo pagumu. Wapagazi waliobebeshwa mizigo vita vya kwanza, hao ambao jina la Kariakoo linatokana na kikosi chao, walikufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, na wengi majina yao hayakuandikwa vizuri hata mishahara yao ikabaki haina wa kuichukua. Fomu ya B.104 ingeenda kwa nani?

Ndo maana napenda alivofanya Abdulrazak Gurnah kwenye riwaya yake Afterlives ya 2020 (ambao hamjasoma ruka hapa). Ilyas anajiunga na jeshi la Wajerumani na anapotea, dadake Afiya anakaa miaka na miaka bila telegramu, bila fomu, bila barua ya kuchelewa. Jibu linakuja kupatikana baadaye sana, miaka ya 1960, Ujerumani kwenye makaratasi ya zamani, na anayelikuta ni mtoto wa Afiya, aliyepewa jina la mjomba wake.

Voisi ya mwisho niliyopata ni ya sekunde tatu, "Nitumie hicho kitabu."