Je, wajua kwa nini kwenye chesi unapigwa chekimeti ya kizembe (mfalme anashambuliwa na hana pa kutokea, gemu imeisha) wakati ulikuwa unaongoza?

Huku Mtwara wengi wetu tumeanzia kwenye drafti, ubao wa mbao na vizibo vya soda chini ya mwembe, ndo baadaye tukahamia chesi. Na mimi naamini uzembe wetu mwingi umetoka hukohuko. Kwenye drafti ukipewa lazima ule, kwahiyo mkono umeshazoea, ukiona kete imekaa wazi unaifyeka kabla hata hujavuta pumzi. Chesi hakuna anayekulazimisha kula, tunajilazimisha wenyewe.

Juzi pale Chikongola nilikuwa naongoza kabisa. Mfalme wangu yuko g1 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari), ngome f1, mapioni ya mbele yake bado hayajasogea, farasi f3. Jamaa malkia wake yuko d6, nyuma yake bishopu c7, wote wawili wanachungulia h2. Halafu g5 kuna pioni lake halina ulinzi. Nikalila na farasi, fasta. Jamaa hakusema neno, akabeba malkia mpaka h2, chekimeti. Chai imepoa mi bado naangalia ubao.

Sio kwamba sijui chekimeti ile, naijua vizuri tu. Shida ni kwamba kete ukiisogeza inafanya mambo mawili, inafika mahali na inaacha mahali, na akili inakimbilia kule inakofika maana ndo kwenye utamu. Farasi alikuwa mlinzi wa h2, nimempeleka kula g5, mlango nimeuacha wazi mwenyewe.

Na haya yanawakuta mpaka wakubwa. Mwaka 2006 kule Bonn, Ujerumani, Vladimir Kramnik akiwa bingwa wa dunia alicheza na programu ya Deep Fritz, akasogeza malkia na kompyuta ikammaliza hapohapo kwa hatua moja, malkia h7.

Kwahiyo kabla hujagusa (mashindanoni ukishagusa lazima uisogeze) jiulize kete hii ikitoka inaacha nini, halafu tafuta kila cheki (kumshambulia mfalme wako) anayoweza kukupa mpinzani na kila kete anayoweza kula, hata zile zinazoonekana za ajabu. Na punguza gemu za dakika 3 za kwenye simu, zile zinafundisha mkono tu, jicho linabaki vilevile.

Jana nimerudiana na jamaa, gemu moja karibu saa nzima, mikono nimeikalia. Pioni la bure lilikuwepo tena, nikaliangalia weee, nikaliacha.