Kwa nini dawa iliyoagizwa Kanada hufika na stempu ya India?

Mmarekani akichoshwa na bei ya dawa nchini kwake, huingia kwenye tovuti yenye jani jekundu la Kanada, akatuma cheti cha daktari na kulipa. Anaamini dawa itatoka kwenye rafu ya duka la Kanada. Mara nyingi sivyo.

Mwaka 2005 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilifungua vifurushi karibu 4,000 katika viwanja vya ndege vya New York, Miami na Los Angeles. Kati ya dawa zilizouzwa kwa jina la Kanada, asilimia 85 zilitoka nchi nyingine 27. Takwimu hiyo isimezwe nzima, maana wakaguzi walilenga mizigo ya India, Israel, Costa Rica na Vanuatu, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, hawakuokota tu vifurushi vilivyopita mbele yao. Hata hivyo, kwa mtu aliyedhani ananunua Kanada, Vanuatu ni mbali kweli.

Chanzo ni bei. Tangu 1987 Kanada ina bodi inayodhibiti bei za dawa zenye hataza, yaani zile ambazo kampuni moja tu ina haki ya kuzitengeneza na kuziuza; Marekani haina bodi kama hiyo ya nchi nzima. Lakini Kanada ina watu kama moja ya nane tu ya Marekani, na viwanda havikufurahi kuona dawa za bei nafuu zikirudi kusini. Mwaka 2003 kampuni ya dawa ya GlaxoSmithKline ilianza kuyanyima mzigo maduka ya Kanada yaliyouza Marekani, na wengine wakafuata. Wateja walikuwepo, dawa haikutosha.

Hapo ndipo ulipoingia mtindo ambao mtu wa Kariakoo anaujua vizuri. Unaulizia spea, mwenye duka hasemi hana. Anakwambia, "Keti kidogo, bosi," anamtuma kijana mlango wa tatu, na kijana anarudi nayo. Risiti ni ya duka hili, mzigo ni wa lile. Tovuti ya Winnipeg, mji wa Kanada, nayo hupokea cheti na pesa, kisha huisukuma oda kwa duka la dawa la Uingereza, Uturuki au India, ambalo ndilo linalofungasha na kutuma. Tofauti ni kwamba Kariakoo unamwona kijana akitoka na kurudi, na duka alikotoka unaweza kulifuata kwa miguu. Kwenye intaneti kijana haonekani.

Wengine wakishajua haya hurukia upande wa pili: basi yote ni feki. Hapana. India hutengeneza sehemu kubwa ya dawa zinazouzwa kihalali katika maduka ya Marekani yenyewe, kwa hiyo stempu peke yake haithibitishi lolote. Hatari iko kwenye mikono inayopitisha mzigo. Mwaka 2012 zahanati za Marekani zilikutwa na Avastin, dawa ya saratani, isiyo na kiambato chake hata kidogo, baada ya kupita kwa madalali wa nchi kadhaa. Kampuni ya Canada Drugs ya Winnipeg, iliyohusishwa na biashara hiyo, ilikiri kosa mahakamani katika jimbo la Montana, Marekani, mwaka 2018 kwa kuuza Marekani dawa zisizoidhinishwa, ikatakiwa kusalimisha dola milioni 29 na kulipa faini ya milioni 5.

Kioja kingine ni kwamba unafuu wa Kanada uko zaidi kwenye dawa zenye hataza. Zile ambazo hataza imekwisha, zinazotengenezwa na viwanda vingi, mara nyingi huwa nafuu zaidi Marekani kwenyewe, na ndizo zinazojaza takriban vyeti tisa kati ya kumi nchini humo.