Jua, ukindu na maji ya kisima: vichocheo vya nuru vinaweza nini?

Mwenye kanga mpya haisahau juani. Akiianika huigeuza ndani nje, maana anajua itachujuka. Basi jua huvunja rangi, ila polepole, na rangi za dukani tunazochemshia ukindu wa mikeka au kuchovyea batiki zimetengenezwa makusudi zisichujuke. Maji yake yakimwagwa upande wa maweni wa Zanzibar, kama Makunduchi au Micheweni, udongo wa kuyachuja ni haba. Hupenya nyufa za jiwe la matumbawe na kuteremkia maji ya chini tunayoyachota. Mabaki ya antibaotiki kutoka mashimo ya vyoo hufuata njia hiyohiyo. Kuchemsha maji huua vijidudu. Rangi na dawa nyingi hubaki.

Kichocheo cha nuru ni unga ambao ukipigwa na mwanga, elektroni zake huruka na kuacha matundu. Elektroni hudakwa na oksijeni iliyomo majini, matundu huyapora maji elektroni zao, na hapo huzaliwa haidroksili huru: chembe kali, za umri mfupi mno, zinazorarua molekuli ya rangi kipande kwa kipande. Kazi ikikamilika hubaki kabonidayoksaidi, maji na chumvi kidogo. Unga wenyewe haupungui.

Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walionesha kuwa titani dayoksaidi, inayotiwa kwenye rangi nyeupe za ukutani, inaweza kupasua maji kwa nguvu ya mwanga. Kasoro yake ni kwamba inataka urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, ambao ni takriban asilimia 5 tu ya nguvu ya jua linalotufikia. Ndiyo maana watafiti wakageukia unga wa manjano. Kitu cha manjano kimekwisha kula mwanga wa buluu. Mmojawapo ni nitridi ya kaboni, unaokula mwanga hadi karibu nanomita 460, yaani mpaka kwenye buluu. Hupatikana hata kwa kuoka urea, mbolea ileile ya mpunga, kwenye nyuzijoto kama 550. (Msijaribu jikoni, hutoa amonia.)

Mimi naipenda mbinu hii, lakini siamini picha za chupa mbili, moja ya rangi na moja nyeupe. Majaribio mengi hutumia maji ya maabara yasiyo na chumvi. Yetu yamepita kwenye chokaa, yamebeba bikaboneti, na visima vya pwani vina chumvi ya bahari. Zote mbili humeza haidroksili kabla hazijaifikia rangi. Kichocheo kilichosifiwa kwingine kinaweza kulegea Jambiani, kwa hiyo kipimwe kwa maji ya Jambiani. Tena rangi hupotea molekuli ikikatika kidogo tu, na vipande vyake huweza kuwa na sumu kuliko mwanzo. Kinachopimwa ni kaboni iliyobaki, si weupe. Unga nao ugandishwe kwenye kioo au kigae, tusije tukaunywa. Madini ya risasi na chumvi, unga huu hauviteketezi.

Kwa sasa, wachovyaji, rangi iliyobaki sufuriani chovyeeni tena ukindu wa rangi nyepesi mpaka ifubae, na masalio yasimwagwe karibu na kisima wala kwenye pango.