Je, wajua kwa nini gole la kuku huweza kuamka limejaa?

Hajati, jirani yangu hapa Bombo, Uganda, aliniita bandani kwake jua halijapanda. Kuku wake mwekundu, mtagaji hodari, alikuwa amejikunyata pembeni, anarefusha shingo na kuizungusha kama anayetaka kumeza kitu kikakataa. Kifuani, upande wa kulia, alikuwa na uvimbe kama ndimu kubwa.

"Mwanangu, huyu kanenepa au anaumwa?"

Uvimbe ule ni gole, mfuko wa kwanza wa chakula, na kila kuku analo. Kuku hana meno. Hudonoa haraka haraka kabla ya mwewe kumwona, chakula kikashuka na kutua kwenye mfuko huo, kikalowana, kisha kikasukumwa kidogo kidogo mpaka kwenye firigisi. Huko ndiko kwenye kusaga, na mawe ya kusagia ni vile vijiwe anavyookota uani. Jioni gole la kuku mzima hujaa hadi kifua kikaenda upande. Usiku kucha linajimwaga, na alfajiri ukipapasa hukuti kitu. Kwa hiyo gole hupimwa asubuhi, kabla hujamwaga pumba. La jioni litakudanganya.

La kuku wa Hajati lilikuwa gumu kama posho (ugali) iliyolala. Nikamuuliza jana yake walikula nini. Akanionyesha kwa kidole: rundo la majani marefu yaliyofyekwa nyuma ya nyumba. Hapo ndipo penye siri yenyewe. Kuku akidonoa jani lililo bado ardhini, mzizi unalishikilia, naye anavuta mpaka kipande kifupi kinakatika. Jani lililokwisha kufyekwa halishikiliwi na kitu. Analimeza zima, kama uzi. Nyuzi kumi zikisokotana ndani ya gole zinakuwa mpira, na mpira haupiti. Nyuzi za magunia na vipande vya kaveera, mifuko ya plastiki, hufanya hivyo hivyo. Kuku anayefungiwa ndani bila changarawe yuko hatarini zaidi, maana firigisi isiyosaga huchelewesha vyote vilivyo nyuma yake.

Tulimtenga, tukamnyima chakula siku nzima, maji tukamwachia. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula kilipita kwa bomba dogo lisilo na sindano, tone kwa tone pembeni mwa mdomo, tukimsubiri ameze. Kisha Hajati akampakata, nami nikalikanda gole kwa ncha za vidole, taratibu, dakika chache, mara tatu nne kwa siku. Unahisi donge linaanza kumeguka, kama unga mkavu unaopokea maji. Baada ya hapo alianza na chakula laini kidogo kidogo.

Mtu mmoja aliyepita njiani alishauri tumning'inize miguu juu tumtapishe. Nilikataa. Yaliyomo kwenye gole yakiingia kwenye koo la hewa, kuku anakufa mikononi mwako, na nimeona ikitokea. Wembe nao tuuache: gole hupasuliwa kweli, likasafishwa na kushonwa, lakini hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo. Donge lisipolegea kwa siku moja au mbili, mwite.

Kuna gole la namna nyingine, laini, linachezacheza kama puto la maji, na ukifungua mdomo wa kuku unapigwa na harufu ya chungu cha pombe ya malwa kilichosahaulika. (Hajati aligeuza uso niliposema hivyo.) Hapo chakula kimekaa mpaka kikachacha, na fangasi aitwaye Candida amejizalia humo. Mafuta hayasaidii. Wengi hukimbilia duka la dawa za mifugo kununua antibayotiki, na hilo ndilo kosa linaloniudhi kuliko yote: dawa hizo haziui fangasi, zinaua bakteria waliokuwa wakimzuia asitawale. Kinachotakiwa ni dawa ya fangasi, kama nistatini, kwa kipimo cha daktari, pamoja na vyombo vya maji vilivyosuguliwa kila siku. Mara nyingi uchachu huo huanza kwa sababu kitu kingine kimekwama, kwa hiyo daktari atatafuta na hicho.

Ila ukiona kuku kadhaa wamezubaa kwa pamoja, wanaharisha kijani au shingo zimepinda, usihangaike na gole. Huenda ni kideri, ugonjwa wa Newcastle ambao hapa wanauita sotoka, na gole lililojaa maji ni dalili tu. Watenge na umwite daktari siku hiyo hiyo.

Hajati sasa hatupi tena majani chini. Anafunga fungu la dodo (mchicha) kwa kamba ya mgomba na kulitundika kwenye ukuta wa banda, kuku warukie na kunyofoa vipande. Yule mwekundu nilimpapasa alfajiri ya siku ya tatu: gole tupu, naye akanidonoa kidole.