Uvundo wa zulia lililolowa: udi hauutoi

Masika yanapopiga, malalamiko yanayofika kwetu, maafisa wa afya ya umma hapa Amu (Lamu), hubadilika. Wapangaji wa vyumba vya chini Langoni na Mkomani hutuambia nyumba zinanuka. Wazazi huuliza kuhusu madrasa ambazo watoto hukalia mazulia mabichi. Wenye nyumba za wageni, kuanzia mjini hadi Shela, huja wakitaka dawa ya kupulizia itakayomaliza harufu kabla wageni hawajashuka botini. Dawa hiyo hatuna, na mtu akikuuzia kwa jina hilo, anakuuzia manukato. Kwa kuwa swali ni lile lile na jibu halibadiliki, tumeona tuliandike hapa kwa urefu.

Harufu ya uvundo hutoka kwa viumbe hai. Ni hewa inayotolewa na ukungu pamoja na vijidudu vingine vinapokula na kuongezeka ndani ya zulia. Watu wengi huamini kwamba zulia la nailoni au plastiki haliwezi kuota ukungu kwa sababu si kitu cha asili. Kweli ukungu hauli nailoni. Unakula vumbi, vigaga vya ngozi, mafuta ya miguu, makombo, gundi ya chini, na mgongo wa zulia ukiwa umefumwa kwa juti au pamba. Zulia lililotumika mwaka mmoja lina chakula cha kutosha, ila ni kikavu. Kinachokosekana ni maji tu, na yakishaingia, kazi huanza ndani ya saa 24 hadi 48. Zulia lililolowa leo asubuhi, likiwa bado bichi kesho kutwa asubuhi, lihesabuni kuwa limeshaota hata kama jicho halioni kitu.

Sasa kuhusu udi. Udi na ubani ni heshima ya nyumba zetu na hakuna afisa atakayekuja kukuzuia kufukiza. Lakini chetezo hakikaushi zulia. Moshi unakaa juu, ukungu unaendelea chini, na siku ya tatu harufu inarudi ikiwa nzito zaidi. Kibaya ni kwamba mwenye pumu ndani ya chumba hicho sasa anavuta vitu viwili badala ya kimoja. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu unyevu na ukungu majumbani mwaka 2009, na ulichosema hakina utata: wanaoishi kwenye majengo yenye unyevu hupata zaidi matatizo ya kupumua, na pumu huzidi. Marashi, mafuta ya karafuu na vile vikopo vya kupulizia vinavyouzwa madukani ni hivyo hivyo. Mficheni mgeni harufu mkitaka, lakini mtoto anayelala chini hamjamsaidia.

Hatari kubwa kuliko ukungu wenyewe ni jiko la makaa. Tunasikia watu hufunga milango na madirisha, wakaweka jiko katikati ya chumba ili zulia likauke usiku kucha. Tafadhali msifanye hivyo. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Hakuna zulia la thamani hiyo.

Kabla ya kushika ndoo, ulizeni kwanza: ni maji gani yaliyoingia? Maji ya mvua kutoka kwenye paa linalovuja, au ya bomba lililopasuka, ni maji safi kwa kiasi. Zulia la maji hayo huokolewa likiwahiwa. Maji yaliyotoka mferejini, yaliyofurika kutoka shimo la choo, au yaliyopita barabarani penye samadi ya punda, ni maji machafu. Yanabeba vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo, na yakishaingia kwenye mgongo wa zulia na sponji ya chini hayatoki kwa sabuni ya unga. Zulia hilo ni la kutupwa, na sponji yake pia. Najua bei ya zulia la Uturuki, na najua yapo mazulia yaliyoletwa na marehemu baba kutoka Uarabuni. Ushauri wetu haubadiliki kwa bei. Kama ni busati au mswala unaoweza kuchemshwa au kufuliwa kwa maji ya moto, hilo ni jambo jingine.

Aina ya tatu ni maji ya bahari, na hapa ndipo Amu inapotofautiana na bara, na ndipo watu wanapopoteza nguvu zao. Nyumba zilizo karibu na ukingo hupata maji ya bamvua, hasa kusi inapovuma na mvua kukutana nayo. Mtu anatoa zulia, analianika juani, linakauka kabisa, anatandika. Wiki haijaisha, linanuka. Anaanika tena. Linanuka tena. Kosa si la jua. Kosa ni chumvi iliyobaki ndani ya nyuzi. Chumvi ya kawaida huanza kunywa maji kutoka hewani unyevu wa hewa unapofika kama asilimia 75, na chumvi nyingine zilizomo baharini huanza mapema zaidi ya hapo. Hewa ya kisiwani usiku huvuka kiwango hicho mara nyingi. Kwa hiyo zulia lenye chumvi hulowa lenyewe kila usiku, hata milango ikiwa imefungwa na paa likiwa zima, na ukungu unanyweshwa kila siku bila mtu kujua.

Dawa yake ni maji matamu, tena mengi, kabla ya kuanika. Tunaelewa kwamba maji ya visima vya Shela hayatoshi hata kwa matumizi ya kila siku, lakini masika hiyo hiyo inajaza majabia na mapipa. Tumieni maji ya mvua. Mwagieni zulia lote, likanyageni kwa miguu hadi maji yatoke, mmwagie tena. Maji yanayotoka yachoteni kidogo kwenye sahani nyeusi, yaacheni yakauke juani. Yakiacha weupe, chumvi ingalipo.

Kukausha ni jambo la kasi. Ondoeni maji kwanza kwa nguvu, kwa kukanyaga au kwa mashine ya kufyonza maji kama ipo, maana maji yaliyotolewa kwa mkono hayahitaji kusubiri jua. Zulia kubwa likiwekwa juu ya kamba nyembamba hukunjika na kubaki bichi pale mkunjoni, na hapo ndipo uvundo unapoanzia. Lilazeni juu ya boriti mbili tatu au ukuta wa dari ya wazi juu ya nyumba, upande wa mgongo ukielekea juu, mligeuze. Ndani ya nyumba fungueni madirisha kukiwa na jua na upepo, mfunge magharibi hewa inapoanza kuwa nzito, na feni iendelee kupiga. Wenye nyumba za wageni tunawashauri kununua kipima unyevu wa hewa. Kikionyesha chini ya asilimia 60 mko salama kiasi. Kikiwa juu ya hapo siku nzima, msitandike kitu.

Zulia lililobandikwa chumba kizima lazima ling'olewe. Hili halipendwi, nalielewa. Lakini kukausha uso wa zulia huku sponji imeshikilia maji kwa chini ni kazi bure, na sponji hiyo hata ikikauka hairudi kuwa safi. Itupeni.

Likishakauka kabisa, lipigwe nje, mbali na mlango, mpigaji akiwa amevaa barakoa, kwa sababu vumbi linaloruka wakati huo limejaa mbegu za ukungu. Kulifagia kwa fagio la chelewa ndani ya nyumba ni kuzisambaza hadi jikoni. Kisha lifuliwe kwa sabuni, lisuuzwe, likaushwe mara ya pili. Harufu ndogo iliyobaki hupungua kwa kunyunyizia bekingi soda kavu juu ya zulia kavu na kuiacha usiku kucha, kisha kulikung'uta. Siki nyeupe iliyochanganywa na maji nayo husaidia, na harufu yake yenyewe hupotea. Vyote viwili ni vya kumalizia. Havitibu zulia bichi.

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo hatuipendekezi kwa mazulia. Inafaa kwenye sakafu ya saruji au vigae, lakini kwenye zulia hula rangi, huishiwa nguvu inapokutana na uchafu, na kinachozama chini ni maji. Na kwa hali yoyote isichanganywe na siki, wala na asidi ya kusafishia choo, wala na kisafishaji chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayounguza mapafu. Watu huchanganya wakidhani wanaongeza nguvu.

Sakafu nayo iangaliwe. Bandikeni juu yake kipande cha karatasi ya nailoni cha nusu mita kila upande, kwa gundi pembeni zote, mkiache siku nzima. Matone yakionekana upande wa chini, au sakafu ikiwa nyeusi, unyevu bado unapanda na zulia jipya litaoza kama la zamani. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo mji huu umejengewa, hupumua unyevu na kuutoa. Zikipigwa lipu ya saruji au rangi ya mafuta, unyevu hufungiwa ndani na kujitokeza chini, pale zulia linapogusa ukuta. Tumeona vyumba ambavyo tatizo la zulia lilikuwa rangi ya ukuta. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kubandua au kupiga lipu upya, ofisi ya uhifadhi ishirikishwe.

Mazulia ya misikiti yana uzito wake. Miguu inayotoka kutawadha huloweka safu za nyuma kila siku, nje ya mvua. Tunaziomba kamati ziweke sehemu ya kufutia miguu na kukunja safu hizo baada ya isha ili sakafu ipumue. Zulia la wakfu lililoharibika linafanywaje, hilo ni la masheikh. Sisi tunasema tu kwamba paji la uso lisiwekwe juu ya ukungu.

Nifafanue sasa utaratibu wa malalamiko, kwa kuwa huu ndio unaoleta mabishano. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242 ya Sheria za Kenya, kifungu cha 115, inakataza mtu kusababisha kero au kuiacha iendelee katika ardhi au nyumba aliyo nayo. Kifungu cha 118 kinaorodhesha kero zenyewe, ikiwemo nyumba iliyo katika hali ya kudhuru afya. Chini ya kifungu cha 119 hutolewa ilani ya maandishi inayotaja kero na muda wa kuiondoa. Ilani kwa kawaida humwendea aliyeisababisha, na asipopatikana humwendea anayeishi humo au mwenye nyumba. Lakini kero ikitokana na kasoro ya jengo, kama paa linalovuja, ilani humwendea mwenye nyumba moja kwa moja. Kwa hiyo mwenye nyumba anayemwambia mpangaji "zulia ni lako, harufu ni yako" hali paa ni lake, asishangae jina lake likiwa juu ya ilani. Na mpangaji anayemwaga maji ya kufulia chumbani asitutume kwa mwenye nyumba.

Muda ukipita afisa hurudi kukagua. Kazi ikiwa haijafanyika, shauri hupelekwa mahakamani chini ya kifungu cha 120, na mahakama inaweza kuamuru kero iondolewe. Anayekaidi amri, asipoithibitishia mahakama kwamba alijitahidi, hutozwa faini kwa kila siku kosa linapoendelea, na mamlaka inaweza kufanya kazi hiyo yenyewe kisha ikamdai gharama. Kila shauri huamuliwa kwa hali yake, hivyo afisa hawezi kukuahidi matokeo kaunta. Ilani si hukumu. Wengi wanaoipata hutengeneza paa na jambo linaishia hapo.

Kutupa nako kuna sheria. Zulia bovu halitupwi baharini, halizibi mfereji, halichomwi. Moshi wa zulia la plastiki ni sumu, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 pamoja na ile ya mazingira ya 1999, inayosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zinawahusu wanaotupa na kuchoma ovyo. Likateni vipande ambavyo punda mmoja anaweza kubeba bila kuburura, mfunge kwa kamba, muwape taarifa watu wa usafi wa kaunti kabla ya kulitoa nje. Msimpe jirani asiye na zulia. Mnampelekea ukungu.

Anayekuja kulalamika alete tarehe maji yalipoingia, yalikotoka, picha za paa au ukuta, na kama alishamwarifu mwenye nyumba, ujumbe wenyewe ukiwa kwenye simu. Zulia lenyewe aliache nyumbani. Sisi tutakwenda kuliona lilipo, kwa sababu tunachokagua ni chumba.