Kazi ya uhakika? Uliza kwanza watu watakujia kwa nini

Mzazi huja na swali hili kwa wasiwasi, kijana kwa haraka. Mtu wa makamo aliyepunguzwa kazini juzi hulisema polepole, macho yako mezani: "Niambie basi, fani gani haitakufa?" Nimekaa kwenye ushauri wa ajira muda wa kutosha kujua kwamba nikimtajia jina moja, uuguzi au umeme au usalama wa mitandao, atanishukuru na ataondoka hajasaidika. Jina la kazi halisemi mengi. Kazi mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na maisha tofauti kabisa.

Chukua keshia wa benki. Tarehe 27 Juni 1967 benki ya Barclays ilizindua mashine ya kutolea fedha huko Enfield, kaskazini mwa London. Hesabu ilionekana nyepesi: keshia anahesabu noti, mashine nayo inahesabu noti, keshia kwisha habari yake. Haikuwa hivyo. Mchumi James Bessen aliyefuatilia jambo hili Marekani ameonyesha kwamba kati ya 1988 na 2004 tawi la kawaida la mjini lilitoka kwenye wafanyakazi wa dirishani 20 hivi likabaki na 13. Lakini tawi lililokuwa sasa na gharama ndogo lilizipa benki hamu ya kufungua matawi mengine, na keshia aliyebaki akaacha kuhesabu noti kutwa, akaanza kuzungumza na wateja kuhusu mikopo na akiba. Idadi yao nchini haikuporomoka.

Wengi wakisimulia kisa hiki huishia hapo, wakatuliza mioyo ya watu. Mimi huona utamu wake uko mbele. Baadaye simu ya mkononi ikageuka benki, mteja akawa hana haja ya kutoka nyumbani. Matawi yakaanza kufungwa, na safari hii makeshia walipungua kweli. Mashine ya ukutani ilikula sehemu ya kazi ya keshia. Simu ilikula safari ya mteja ya kwenda tawini.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza kuhusu fani yoyote, simuulizi atakuwa anafanya nini tu. Namuuliza watu watamjia kwa nini, na kama sababu hiyo itakuwepo hata mashine ikijua kufanya nusu ya anayoyafanya.

Swali hilo limewashinda hata vigogo. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa akili mnemba (AI) ya leo, alisema hadharani kwamba tuache sasa hivi kufundisha madaktari wa radiolojia, wale wanaosoma picha za eksirei na skani, kwa kuwa ndani ya miaka mitano, labda kumi, kompyuta zingewashinda kusoma picha. Kompyuta zimekuwa hodari kweli. Hata hivyo madaktari hao bado wanatafutwa kwa udi na uvumba. Daktari mwenzao haendi kwao kwa ajili ya picha peke yake. Anataka mtu wa kumwambia kama kivuli hiki ni kovu la upasuaji wa zamani au ni jambo jipya, kipimo gani kifuate, na nani ataweka sahihi chini ya ripoti. Tena, kusoma picha kukiwa kwa haraka, watu huagiza picha nyingi zaidi.

Mimi mwenyewe nimewahi kuteleza hapo hapo. Mfasiri mmoja alinijia programu za kutafsiri zilipoanza kuwa nzuri, nikamshauri aachane na lugha kabisa. Hakunisikiliza. Aliacha kutafsiri miongozo ya bidhaa, akaingia ukalimani wa mahakamani. Kule anaapishwa, anasimama kando ya mshtakiwa, na akikosea anajulikana ni nani. Nilitazama maneno anayoyageuza, sikumtazama anayemwita.

Sasa twende kwenye daftari. Kila anayekuja kwangu akiwa tayari ana kazi namwomba aandike kwa wiki moja alichofanya na nani alikileta. Karani mmoja wa hesabu alinirudishia kurasa safi kabisa: kuingiza ankara, asubuhi nzima, kulinganisha taarifa ya benki na vitabu, mchana, kisha chini, kwa herufi ndogo, "simu na msambazaji, dakika 40." Nikamwuliza kuhusu hizo dakika 40. Msambazaji alikuwa ametuma ankara moja mara mbili, kwa namba mbili tofauti, tarehe zikipishana siku moja. Programu ilizipokea zote bila kulalamika. Yeye alishtuka kwa sababu anakumbuka kwamba huyo bwana huleta mizigo miwili mfululizo mwisho wa mwezi tu, na siku hiyo ilikuwa katikati ya mwezi. Akapiga simu, akafokewa, akasubiri mwenzake apoe, wakakubaliana ankara moja ifutwe.

Kwake yeye hilo lilikuwa bughudha lililomchelewesha kufanya kazi. Tulipojumlisha bughudha za namna hiyo kwa wiki nzima zikafika karibu saa sita. Nilimwambia kazi yake inayodumu imo ndani ya saa hizo sita, na asubuhi nzima ya kuingiza ankara asiitegemee. Akaanza masomo ya ukaguzi wa ndani.

Je, kazi za mikono? Zina nguvu kuliko watu wa ofisini wanavyodhani. Mwaka 1988 Hans Moravec, mtaalamu wa roboti, aliandika kwamba ni rahisi kuifanya kompyuta icheze drafti kama mtu mzima, lakini ni vigumu mno kuipa macho na mwendo wa mtoto wa mwaka mmoja. Fundi bomba anaingiza mkono nyuma ya ukuta asiouona, kwenye nyumba ambayo ramani yake ilipotea zamani, na kila nyumba ina ukaidi wake. Ila usisahau magoti. Nimeketi na mafundi wa miaka 50 ambao hawajashindwa na roboti bali na ngazi na mgongo. Anayechagua ufundi apange mapema lini ataanza kukadiria gharama, kusimamia wengine na kufundisha.

Kuhusu zile orodha za "fani kumi zenye soko", nina neno moja tu: zimechelewa. Mchumi Richard Freeman alilionyesha hili mwaka 1976 kwa wahandisi wa Marekani. Wahandisi wakiadimika, mishahara inapanda. Vijana wanakimbilia vyuoni. Baada ya miaka kadhaa wanamaliza wote kwa pamoja, mishahara inashuka. Wadogo zao wanaikimbia fani, na uhaba unarudi. Wachumi huuita mwendo huu utando wa buibui. Kadiri mafunzo yanavyokuwa marefu, ndivyo unavyofika sokoni ukiwa na habari za zamani. Kwa hiyo mtu akinitajia fani ya miaka sita aliyoisikia kwa kila mtu, huwa namuuliza akiiacha mwaka wa tatu atatoka na nini mkononi. Kukiwa na cheti kinachotambulika njiani, au ujuzi ambao sekta nyingine mbili zinauhitaji, napumua.

Jambo linaloninyima usingizi zaidi ni la wanaoanza. Kazi ambazo zamani alipewa mgeni, kama kufupisha ripoti, kuandika rasimu ya kwanza au programu ndogo, ndizo akili mnemba inazozifanya upesi zaidi. Mkongwe hajambo, kwani yeye anajua rasimu imekosea wapi. Lakini alijua kwa kuziandika mbovu miaka mitatu huku mtu akimsahihisha. Kijana anayeajiriwa leo ili akague tu kazi ya mashine anaambiwa akague kitu ambacho hajawahi kukifanya. Hivyo kwenye usaili, ukifika wakati wa kuulizwa kama una swali, acha ya likizo kwanza. Uliza nani atapitia kazi yako, na aliyeingia mwaka jana sasa anaachiwa nini afanye peke yake. Msaili akibabaika, hilo ni jibu.

Yule mtu wa makamo mwenye macho mezani? Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda, na mfumo mpya wa kompyuta ulikuwa umechukua rafu zake zote. Nilimwomba atoe simu anionyeshe nani wa kazini amempigia tangu aondoke. Walikuwa watatu. Mmoja alitaka kuagwa. Wawili walikuwa wanauliza kitu kile kile: kipuri cha mashine ya zamani kimeacha kutengenezwa, kipi kingine kinaingia pale bila kuchonga? Aliwajibu bure, kwa dakika mbili, akiwa kwenye foleni. Tukawapigia hao wawili siku ile ile, kuuliza wana mashine ngapi za namna hiyo.